Nafasi Moja

Mzee wa kanisa alipomaliza kusoma matangazo ya ndoa alikunja karatasi, akavua miwani, akasema kwamba lililobaki halihitaji kusomwa kwa kuwa ni la furaha.

"Mzee Elieza wa hapa hapa mtaa wa Ramadhani anamshukuru Mungu pamoja nasi. Kijana wake Rodrick, mwalimu wa chuo kule Makambako, amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari. Si ule wa sindano, jamani. Ni udaktari wa mambo ya fedha, shahada ya mwisho kabisa, juu yake hakuna nyingine. Rodrick, simama watu wakuone."

Upande wa wanawake, Telesia alikuwa akimfunga binti yake Jenifer vifungo vya sweta. Vidole vilisita. Aligeuza shingo kuelekea upande wa wanaume, ambako mumewe alikaa kando ya baba yake, akangoja. Alidhani anajua mumewe atasema nini. Atasema, samahani wazee, hapa pana kosa dogo. Rodrick alibaki ameketi kwa muda ambao watu waliuhesabu kuwa ni unyenyekevu. Baba yake akamgusa begani. Rodrick akasimama.

Vigelegele vilipaa hadi kwenye mabati. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya Telesia alimkumbatia mabegani, akamwambia sikioni, "Hongera, Mama Jeni. Mke wa daktari!" Telesia alisema ahsante. Macho yake hayakumwacha mumewe, aliyekuwa akiinamisha kichwa kulia na kushoto kupokea pongezi zisizo zake.

Maana Alhamisi iliyopita mkuu wa chuo alikuwa amewaita wote wawili ofisini kwake. Wote wawili walikuwa wahadhiri wasaidizi wa somo la fedha, wote wawili walikuwa wameomba, na ufadhili ulikuwa wa mtu mmoja. Mkuu hakuzunguka. Kamati imemchagua Telesia. Ataenda Dodoma miaka minne, na akirudi ndiye atakayeanzisha masomo ya shahada pale chuoni, kwa sababu bila mwalimu mwingine mwenye shahada ya uzamivu, zaidi ya mkuu mwenyewe, chuo kitabaki kutoa vyeti na stashahada. Rodrick alimpa mkewe mkono pale pale, kama mfanyakazi mwenzake. Njiani kurudi nyumbani alisema, "Baba nitamwambia mwenyewe tukienda Njombe Jumamosi." Jumamosi ilifika, wakala, wakalala, na hakuna aliyeambiwa. Mzee alijua tu kwamba chuo kimepata nafasi na mwanawe ameomba, yaliyobaki akayajaza mwenyewe.

*

Nyumbani kwa Mzee Elieza sebule ilijaa kabla wali haujaiva. Baridi ya Agosti iliingia pamoja na wageni, na jiko la mkaa likasogezwa katikati ya viti. Mzee Elieza alikuwa Mkinga wa Bulongwa aliyehamia Njombe na duka la misumari na mabati, mtu asiye na maneno mengi. Siku hiyo alimpokea kila aliyeingia. "Kamwene, kamwene, pita," alisema, huku amemshika Rodrick mkono kama mtu aliyeleta ng'ombe mzuri mnadani.

Jikoni wanawake walimzunguka Telesia.

"Sasa Mama Jeni, huyo daktari wa fedha atatibu nini? Fedha nazo huumwa?"

"Huumwa sana," Telesia alisema akimenya viazi. "Hasa zikifika mkononi mwangu."

Walicheka. Oktavia, dada yake Rodrick, ndiye aliyeuliza lililokuwa mioyoni mwa wote: mshahara utapanda?

"Unaweza kupanda, wifi. Wapo wanaopata kazi kwenye mabenki, kwenye mifuko ya pensheni, kwenye bima. Wapo wanaobaki vyuoni wakawa wahadhiri wakubwa. Na wapo waliomaliza wakarudi na majoho yao, sasa hivi wanazunguka vyuo vitatu kufundisha kwa malipo ya kipindi."

"Kwa hiyo ni bahati nasibu."

"Si bahati nasibu. Ila si kama ngazi ya kwenda juu moja kwa moja."

Aliyasema kwa utulivu, kama anayesimulia habari za jirani. Alipotambua kwamba ni habari zake mwenyewe alizokuwa akizisimulia kwa jina la mtu mwingine, alinyamaza, akachukua kiazi kingine. Mama mkwe wake, Tabea, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alimtazama kidogo na kurudisha macho kwenye ungo.

Baada ya chakula, wageni walipopungua, Rodrick alimwomba baba yake watoke nyuma ya nyumba, penye miparachichi. Huko alisema, huku akichunguza jani, "Baba, ile nafasi. Kamati imempa Telesia."

"Telesia yupi?"

"Mke wangu, Baba."

Mzee Elieza alitazama nyumba, kisha akamtazama mwanawe. Kicheko cha wageni wa mwisho kilisikika kupitia dirishani.

"Umesimama kanisani."

"Ulinigusa, Baba. Nilishindwa kukuaibisha."

"Na nafasi ni moja?"

"Moja."

"Yeye akiiacha?"

Rodrick aliliachia jani. "Akiiacha, nadhani mambo yanaweza kutazamwa upya."

Mzee hakuuliza tena. Alisimama pale akipiga hesabu za heshima, ambazo ni ngumu kuliko za duka. Mchungaji alikuwa amemshika mkono. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameahidi mbuzi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga Rodrick. Fundi alikuwa ameshapima suti.

*

Kwa desturi yao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakukaa karibu wala kuongea ana kwa ana jambo zito. Ujumbe ulipita kwa Tabea. Kwa hiyo Telesia aliposikia, "Baba anakuita, kaa hapo," akaonyeshwa kiti kinachomkabili mzee, alijua kwamba ukuta fulani umebomolewa na kwamba yeye ndiye atakayelipa matofali. Tabea alikaa kando. Rodrick alisimama karibu na televisheni iliyozimwa.

"Mwanangu," Mzee Elieza alianza, "wewe si mgeni humu. Ulitoka kwenu Lugarawa, ukaliacha kanisa la mama yako ukaja kusali kwetu, hatukukusikia ukinung'unika. Nimeambiwa kwamba ile nafasi ni yako. Sikatai kwamba una akili. Lakini huyu ndiye mwanamume wa nyumba. Mwaka ule anasoma shahada ya pili niliuza miti yangu ya Bulongwa ikiwa bado michanga. Mnunuzi alinicheka mbele ya watu. Niliuza, maana nilijua iko siku. Nilidhani siku yenyewe ni leo."

Alivua kofia. Telesia hakuwahi kukiona kichwa cha mkwewe bila kofia. Nywele zilikuwa chache na nyeupe kama za mtoto. Mzee aliishika kofia kwa mikono miwili, akainama mbele yake.

"Sikuamuru. Nakuomba. Mwachie mumeo."

Telesia alihisi uso ukimwaka. Alimtazama Rodrick, akitaka aseme neno lolote, hata la kumwambia baba yake avae kofia. Rodrick alikuwa akitazama kioo cheusi cha televisheni.

"Nimekusikia, Baba," alisema Telesia. "Tafadhali usiiname. Niruhusu nikaongee na mkuu wa chuo kwanza."

Walipokuwa wakifunga mizigo, Tabea alimletea viazi kwenye kiroba. Alimsaidia kukifunga, akasema kwa sauti ya chini, "Yule mzee hajawahi kumwomba mtu kitu. Hata mimi aliniposa kwa kumtuma mjomba wake. Sikwambii uache. Nakwambia tu uujue uzito wake."

"Naujua, Mama."

"Basi. Na viazi hivi ukivichemsha usiweke maji mengi, vinavunjika."

*

Upepo wa Makambako hauna adabu. Jumatatu asubuhi ulikuwa ukipeperusha vumbi la barabara kuu pamoja na moshi wa malori ya mbao hadi kwenye madirisha ya ofisi ya mkuu wa chuo. Daktari Denis alifunga dirisha, akampa Telesia kiti.

"Umekuja kuthibitisha?"

"Nimekuja kuuliza, Mkuu. Nikiacha, itakuwaje?"

Daktari Denis aliketi, akaegemeza viwiko mezani. Alikuwa mtu mwembamba, koti lake limechakaa mikononi. "Ngoja kwanza nikwambie ukweli wa hii shahada, usije ukaiacha au kuichukua kwa sababu za uongo. Mimi niliporudi na udaktari wangu nilikuta wanafunzi niliowafundisha stashahada ni mameneja wa matawi ya benki. Wananizidi mshahara mpaka leo. Mmoja alinipa lifti akaniuliza kwa huruma kama bado nasoma."

Telesia alitabasamu. "Sasa kwa nini uliimaliza?"

"Kwa sababu nilifanya kazi benki, na kila nikiuliza kitu nilijibiwa, ndivyo ilivyo. Mkulima ana shamba la miti ekari kumi, hakopesheki. Mwenye kibanda cha matofali mjini anakopesheka. Kwa nini? Ndivyo ilivyo. Nikachoka. Wewe katika andiko lako umeuliza swali hilo hilo vizuri kuliko mimi: namna ya kuipa thamani miti ikiwa imesimama, benki iikubali kuwa dhamana kabla haijakatwa. Ndiyo maana kamati ilikuchagua. La mumeo kuhusu soko la hisa lilikuwa safi, halina kosa. Lakini tulishasoma mengi kama hilo."

"Sijajibiwa, Mkuu."

"Ukiacha, nafasi inaondoka hapa. Inakwenda kwa mwombaji aliyefuata, naye yuko chuo chetu cha Songea. Haiwezi kwenda kwa Rodrick." Alisita, akashangaa kidogo. "Lakini hili nilishamweleza mumeo. Alikuja hapa Ijumaa asubuhi akaniuliza swali hili hili. Hakukwambia?"

Nje lori lilipiga honi ndefu. Telesia aliushika mkoba wake uliokuwa magotini, kama anayeogopa utaanguka.

"Alisahau labda," alisema.

"Labda," alisema Daktari Denis, akaanza kupanga kalamu zake ili asimtazame.

Telesia alithibitisha pale pale. Alipotoka alipita mbele ya chumba cha walimu bila kuingia, akaenda kusimama nyuma ya maktaba, mahali ambapo wanafunzi huanika sare na mashuka yao, akalia kwa muda mfupi akiwa amejificha katikati ya mashuka ya watu.

*

Alimkuta Rodrick nyumbani mchana, amerudi kula. Jenifer alikuwa bado shuleni. Rodrick alikuwa amepasha maharage na kumwekea sahani yake juu ya meza, imefunikwa.

"Ijumaa ulikwenda kwa Mkuu," Telesia alisema akiwa bado amesimama.

Rodrick aliweka kijiko chini.

"Ulijua kwamba nikiiacha haiji kwako. Ulijua Ijumaa. Jumapili baba yako amevua kofia mbele yangu, mzee mzima, ananiomba nikupe kitu ambacho siwezi kukupa. Ulikuwa umesimama pale. Ulikuwa unatazama televisheni iliyozimwa, Baba Jeni."

"Sikumtuma akuombe."

"Hukumzuia."

Rodrick alijaribu kusema kitu kuhusu wazee na moyo wa baba yake wenye shinikizo la damu, lakini sentensi ilimfia mdomoni. Yeye alikuwa mwalimu mzuri, hodari wa kueleza, na alijua vizuri maelezo yasiyo na kitu ndani yanavyosikika.

"Ungeacha, tungebaki sawa," alisema mwishowe.

"Sawa vipi?"

"Sawa. Wewe bila, mimi bila. Kama tulivyokuwa." Alipitisha mkono usoni. "Ukirudi utakuwa mkuu wa idara. Nitakuwa nakugongea mlango kukuomba ruhusa ya kwenda msibani. Wewe utafundisha shahada, mimi nitabaki na watoto wa cheti mpaka nistaafu. Watu watamwita baba yangu baba mkwe wa daktari. Nilipolifikiria hilo niliona afadhali nafasi iende Songea. Nakwambia ukweli, niliona afadhali. Hata andiko lako, sentensi za mwanzo nilikusahihishia mimi. Nilikaa pale mezani nikazinyoosha moja moja. Nilipenda ufanye vizuri. Sikudhani utafanya vizuri kuliko mimi."

Telesia alivuta kiti akaketi. Hasira yake ilikuwa imejiandaa kukutana na uongo, na sasa imekutana na hiki. Haikujua iende wapi.

"Na kama ningeiacha," aliuliza, "tungekaa humu ndani, wewe ukijua na mimi sijui. Ungekuwa unanitazamaje?"

Rodrick aliokota punje ya maharage mezani, akairudisha kwenye sahani.

"Nimeshathibitisha. Oktoba nakwenda. Jenifer atabaki na wewe kwa ajili ya shule, na likizo atakuja. Kuhusu sisi, sijui, nitajua nikipumzika. Lakini baba yako utamwambia wewe. Na usimwambie nusu. Ulimwambia nusu mara ya kwanza, ndiyo maana akainama."

Alifunua sahani yake, akala maharage yakiwa yamepoa, kwa sababu saa nane alikuwa na kipindi.

*

Jumamosi Rodrick alikwenda Njombe peke yake. Alikuta kikao cha sherehe kimeshaanza bila yeye: Mzee Elieza, mama yake, na baba mdogo Timoth, aliyekuwa na kalamu sikioni na orodha ya watakaochangia soda.

"Huyu hapa mwenyewe," Timoth alisema. "Tulikuwa tunabishana, joho utavaa siku ya kuondoka au siku ya kurudi?"

"Baba Mdogo, sivai joho." Rodrick alikaa kwenye stuli, chini kuliko wote. "Anayekwenda ni Telesia. Ameshathibitisha."

Timoth alimtazama kaka yake. Mzee Elieza alikunja uso. "Kwa hiyo amekataa ombi langu."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na Rodrick aliuona. Angeweza kusema ndiyo, amekataa, na nyumba nzima ingemhurumia. Timoth angesema wanawake waliosoma ndivyo walivyo. Huzuni yote ingekuwa na mwenyewe, na mwenyewe asingekuwa yeye. Mama yake aliacha kufuma sweta alilokuwa akilifuma.

"Hakukataa, Baba. Ombi lenyewe halikuwepo. Telesia angeiacha nafasi, isingekuja kwangu. Ingekwenda kwa mtu wa Songea."

"Umejua lini?"

"Ijumaa. Kabla hatujaja."

"Kabla ya Jumapili."

"Kabla, Baba."

Mzee Elieza alivua kofia, akaiweka gotini. Aliponena hakupandisha sauti, na Rodrick angependa zaidi angepandisha.

"Mimi nimemwinamia mke wa mwanangu. Miaka yote hii sijamwinamia mtu wa benki, sijamwinamia mtu wa kodi. Nimemwinamia yule binti kumwomba kitu ambacho hakipo. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwepo, Baba."

"Ulinitazama."

"Sikukutazama. Nilishindwa."

"Hilo nalo ni afadhali kidogo," alisema Tabea, na wanaume wote watatu wakageuka, kwa kuwa hakuwa ameulizwa. "Aliyeshindwa kutazama bado ana aibu. Mwenye aibu anafundishika."

Timoth, aliyependa mambo yamalizike, aligonga orodha yake kwa kidole. "Sasa kaka, mbuzi ameahidiwa. Mchungaji ameshatangaziwa, na mtaa mzima unajua ni Rodrick. Tutamwambia nini?"

Mzee Elieza alichukua kofia yake kutoka gotini, akaivaa. "Mbuzi ataliwa. Na mchungaji tutamwambia tulikosea jina."

"Tulikosea jina tu?"

"Tu."

Kisha akamgeukia Rodrick. "Suti ile utaivaa wewe siku hiyo. Utavaa na utasimama kando ya mkeo na kugawa soda. Hiyo ndiyo adhabu, mimi sina nyingine."

*

Akagawa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na mvua za kwanza zilikuwa bado. Watu walikuja wengi, baadhi kwa furaha na baadhi kwa umbea. Wapo waliochukua soda mkononi mwa Rodrick wakimtazama kwa huruma ya kuchoma, na kijana mmoja aliyesoma naye sekondari alimuuliza kwa sauti kama sasa aitwe mume wa daktari. "Bado," Rodrick alisema. "Miaka minne." Alisogea kwa mgeni wa pili na kreti yake, shati limemlowa jasho ndani ya suti mpya ingawa kulikuwa na baridi.

Pombe ya ulanzi ilipokwisha kuzunguka, Mzee Elieza alikwenda hadi mahali alipoketi Telesia. Hakumtuma Tabea. Alisimama umbali wa heshima, akitazama pembeni kama desturi inavyotaka.

"Nilikuomba kitu kisichokuwepo," alisema. "Unisamehe."

"Hukujua, Baba."

"Sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilikimbilia kuomba." Alirekebisha kofia yake. "Wanasema utasoma habari za miti."

"Namna mtu aliyepanda miti anavyoweza kukopa kwa ajili yake ikiwa bado inakua. Asilazimike kuiuza michanga."

Mzee alifikiri. Nyuma yao watoto walikuwa wakigombea chupa tupu, Jenifer akiwa kiongozi wa ugomvi.

"Ile yangu ya Bulongwa," alisema, "leo ingekuwa minene hivi." Alipima hewa kwa mikono, akaishusha haraka kama aliyejikuta akijionyesha. "Hilo jibu lako litapatikana mimi nikiwa nimekufa."

Telesia angeweza kumfariji. Lakini alimheshimu mno hata asiweze kumfariji kwa uongo. "Inawezekana, Baba. Tena inawezekana lisipatikane. Nitaandika kitabu kikubwa, wakiweke maktaba, mabenki yaendelee vile vile."

"Na bado unakwenda."

"Nakwenda."

"Haya," alisema Mzee Elieza. "Dodoma kuna jua kali. Usitembee mchana bila kitu kichwani."

*

Wiki ya tatu ya Oktoba Rodrick alipewa vipindi vya Telesia. Alivikuta vimepangwa vizuri kuliko vyake, mifano yote imechukuliwa kwa wauza viazi na wapasua mbao, na ilibidi azisome kurasa zake usiku kucha ili asiwachanganye wanafunzi. Aliingia darasa la cheti, akafuta ubao, akaandika tarehe.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Vestina, alinyoosha mkono kabla hajaanza. "Samahani, Mwalimu. Madamu Telesia haji tena?"

"Yuko Dodoma. Anasomea shahada ya uzamivu ya fedha."

Minong'ono ilipita darasani. Vestina hakushusha mkono. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. "Na wewe, Mwalimu, hukutaka kwenda?"

Rodrick alikuwa na chaki mkononi. Majibu yalimjia kwa foleni, yote ya heshima: majukumu ya nyumbani, mtoto mdogo, kupokezana. Hapa hapakuwa na baba wa kumbana, wala mke, wala mchungaji. Hawa vijana wangeamini lolote.

"Nilitaka sana," alisema. "Niliomba mwaka huu huu. Tulishindana, yeye akapata, mimi nikakosa."

Kijana wa nyuma alicheka, akaona hakuna aliyemfuata, akaacha. Rodrick alingoja maumivu yaje kama alivyoyazoea. Yalikuja, yakiwa madogo kuliko nafasi aliyokuwa ameyaandalia.

"Utaomba tena?" Vestina aliuliza.

"Nikipata swali zuri, nitaomba. Safari ile nilikuwa na andiko, sikuwa na swali. Haya, fungueni madaftari."

Jioni hiyo Telesia alipiga simu saa ya chakula, kama alivyofanya kila siku. Tangu aondoke maswali yake yalikuwa ya Jenifer tu: amefanya kazi za shule, kikohozi kimeisha, sweta lake la bluu limepatikana. Rodrick alikuwa amezoea kujibu, kisha kumpa mtoto simu. Leo Jenifer alishaongea, akakimbilia kwa jirani, na simu ilikuwa imebaki mkononi mwake.

"Leo nimefundisha darasa lako," alisema. "Wameuliza ulipo."

"Ukawajibu nini?"

"Kwamba unasoma. Na kwamba na mimi niliomba, nikakosa."

Upande wa pili ilisikika feni ikizunguka, na watu wakiongea mbali, pengine kwenye korido ya bweni.

"Jeni amekula?" Telesia aliuliza.

"Amekula."

Rodrick aliisogeza simu kidogo kutoka sikioni, akijua kwamba sasa litafuata usiku mwema, kama ilivyokuwa jana na juzi.

"Na wewe?" alisema Telesia. "Wewe umekula?"